Windows 10 muda wake umekwisha: mashine za steshenari nizipige 11, niende Linux au niziache zilivyo?

#1 Kihonda_Kwetu

Wakuu habari za saa hizi. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo. Mashine ni tatu: mbili za mezani, Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4 kila moja, na laptopu moja ya kizazi cha sita yenye GB 8. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua na CV, kuprinti, kuskani, picha za paspoti, kadi za michango, kuwajazia watu maombi ya mkopo ya HESLB na ya kazi kwenye Ajira Portal. Zote zina Windows 10, na tangu Oktoba 14, 2025 zinanikumbusha kwamba muda umekwisha.

Fundi wetu kaja kuangalia. Anasema hizi za mezani zitazimwa kama TCRA ilivyozima zile simu feki mwaka 2016, kwa hiyo nimpe hela azipige Windows 11 mapema. Kijana anayenisaidia dukani anasema tutoe Windows tuweke mfumo wa Linux, haina virusi na ni ya bure. Mke wangu anasema kama zinaprinti, ziachwe.

Naomba maoni ya watu wanaofanya kazi hizi kila siku. Nawasilisha.

#2 Baba_Toner

Msikilize shemeji. Uzi ufungwe.

#3 Mtaalamu_wa_Sido

Usifungwe kwanza, maana fundi kampotosha mwenzetu.

Mkuu, hakuna kuzimwa. Zile simu za 2016 zilifungiwa kwenye mitandao kwa namba za IMEI, laini ikawa haishiki tena. Windows 10 hakuna anayeifungia. Itawaka kesho, mwakani na mwaka utakaofuata. Windows 7 muda wake uliisha Januari 14, 2020 na mpaka leo ukiingia ofisi nyingi unaikuta inapiga kazi.

Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kila mwezi Microsoft walikuwa wanaziba matundu yanayogundulika, sasa yakigundulika mapya hayatazibwa. Tundu halikuumi siku hiyohiyo, ila yanaongezeka mwezi hadi mwezi. Defender yenyewe, ile ya kukamata virusi, wamesema itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo huna haja ya kukimbia leo usiku, lakini usikae miaka mitano ukijiona uko salama.

#4 Chipu_Kali

Naongezea kwa #3. Suala la kupiga 11 kwenye kizazi cha tatu: rasmi haikubali. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot, RAM kuanzia GB 4 na diski kuanzia GB 64. Hata hiyo laptopu yako ya kizazi cha sita, unaweza ukakuta ina TPM 2.0 lakini prosesa haimo kwenye orodha, ikagomewa vilevile.

Fundi atakachofanya ni kuandaa flashi kwa programu ya Rufus, ambayo ina sehemu ya kuondoa hayo masharti. Inapita, na 11 inawaka. Tatizo ni kwamba Microsoft hawakuahidi mashine ya namna hiyo kupata masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka likitoka, mara nyingi halijiweki lenyewe, inabidi umuite fundi tena. Na kila akija analipwa.

#5 Mgosi_wa_Tanga

Mnamtisha mwenzenu na matundu. Mimi nimekaa na Windows 7 mpaka mwaka juzi, hakuna kilichonipata. Kile kirusi cha WannaCry cha 2017 kilikula Windows XP tu, watu waliokuwa na kitu cha zamani kabisa. Windows 10 bado mbichi.

#6 Mtaalamu_wa_Sido

Hapana Mgosi, hapo umeteleza. Wengi walioliwa na WannaCry mwezi Mei 2017 walikuwa na Windows 7, XP walikuwa wachache sana. Na kiraka cha lile tundu kilishatoka Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliokipokea walipona, waliokuwa wamezima masasisho ili kuokoa bando ndio waliokuta mafaili yamefungwa na wanadaiwa bitcoin. Sasa fikiria mashine ambayo hata ukitaka kiraka, hakipo.

#7 Mgosi_wa_Tanga

Sawa mwalimu, nimepokea. Ila langu la msingi liko palepale: mwenye steshenari Morogoro nani atamdai bitcoin?

#8 Kihonda_Kwetu

Mgosi, wale jamaa hawachagui mtaa. Mashine yangu ina tasnifu za wanafunzi na nakala za vyeti vya watu. Vikipotea nitamweleza nini mzazi?

#9 Hamburg_Mswahili

Habari wadau. Kuna njia hamjaitaja. Microsoft wametoa mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa Windows 10, unaitwa ESU, hadi Oktoba 13, 2026. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kupata bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Sisi tulio Ulaya tumelegezewa masharti, tunapata bure hata bila huko kuhifadhi. Leseni moja inabeba hadi mashine 10 za akaunti hiyohiyo. Nenda Settings, sehemu ya Windows Update, utaona pa kujiandikisha.

#10 Baba_Toner

Nyie wa majuu mnalegezewa kila kitu.

#11 Chipu_Kali

Hamburg asante, ila weka na masharti yake. Lazima iwe Windows 10 toleo 22H2. Pia huo mpango wa dola 30 ni kwa watu binafsi. Mashirika wanauziwa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Steshenari ya mtu mmoja iko katikati hapo, sitaki kumdanganya mtu kwamba ni halali moja kwa moja.

Swali la pili, Kihonda, usikasirike: hizo Windows zako zina leseni?

#12 Kihonda_Kwetu

Nimeenda kuangalia. Laptopu ilikuja nayo kutoka dukani, ina leseni. Hizi za mezani nilinunua yuzidi, fundi akazipiga Windows. Kila baada ya muda inaandika kule chini kulia "Activate Windows", anakuja anaitoa kwa kiprogramu chake.

#13 Fundi_Soweto_Mbeya

Hapo ndipo penye ugonjwa, na nasema kama fundi, sina haja ya kumsema mwenzangu. Kile kiprogramu kabla hakijafanya kazi kinakutaka uzime Defender. Ukishaizima, chochote kilichobebwa humo kinaingia bila kuulizwa. Mwaka 2021 watu wa usalama walitoa taarifa ya KMSPico, kiprogramu cha aina hiyohiyo, nakala bandia zilizokuwa zimebeba kirusi cha kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Na sehemu kubwa ya zinazozunguka mtaani ni hizo bandia.

Sasa tunajadili viraka vya Oktoba wakati mlango wa mbele uliachwa wazi siku mashine inaanza kazi. Kwenye mashine za namna hii ninazoletewa, tarehe ya Microsoft naiweka ya tatu. Ya kwanza kraki, yaani hicho kiprogramu cha kukwepa leseni. Ya pili diski.

Kihonda, fanya hivi: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, angalia Disk. Mashine ikiwa imewaka tu, hujafungua kitu, inasoma ngapi?

#14 Kihonda_Kwetu

Moja 100%, nyingine inacheza 97 mpaka 100. Inakaa hivyo dakika kadhaa ndio inashuka. Chini yake imeandikwa HDD.

#15 Fundi_Soweto_Mbeya

Nilijua. Mteja anakuja na CV ya kurasa mbili, Word inafunguka huku yeye anaangalia saa, wewe unasema mashine imezeeka. Prosesa ya kizazi cha tatu haina shida na Word. Ni ile diski ya kuzunguka: Windows 10 inasoma vitu vingi vidogovidogo kwa pamoja na kichwa cha diski kinakimbia huku na huku.

Toa hizo HDD, weka SSD, diski isiyozunguka, ya SATA GB 240, inaingia bila shida kwenye mashine hizo. Ongeza RAM ya DDR3 zifike GB 8. HDD usiitupe, ifanye ya kuhifadhia nakala. Ukiwa umeshafungua kasha, puliza vumbi na ubadilishe ile pesti juu ya prosesa, utaikuta imekauka, inabanduka kama magamba. Baada ya hapo ndio uje tujadili 10, 11 au Linux, maana zote zitakuwa nyepesi.

#16 Mama_Fomu

Mimi nina steshenari Iringa, naunga mkono #15 kwa asilimia zote. Nilibadilisha diski tu, wateja wakadhani nimenunua mashine mpya.

Ila hakuna aliyegusa flashi za wateja. Kwetu sisi virusi havipiti intaneti, vinapita kaunta. Mwanafunzi anachomeka flashi, mafolda yote yanageuka vishale vya shotikati vya KB 1, anaanza kulia kazi yake imefutika. Haijafutika, imefichwa. Fungua dirisha la amri, ingia kwenye flashi, andika attrib -h -s -r /s /d *.* halafu Enter, mafolda yanarudi. Vile vishale unavifuta, usivibonyeze hata kimoja, kubonyeza ndiko kunakiamsha kirusi kwenye mashine yako.

#17 Pengwini_wa_Ubungo

Mama Fomu umenipa njia ya kuingilia. Vile vishale vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux, unaviona kama mafaili yasiyo na maana, unavifuta, kazi ya mwanafunzi unaiona palepale. Weka Linux Mint kwenye mashine moja, iwe ndiyo ya kupokelea flashi zote. Mbili nyingine zisiguswe na flashi ya mteja.

Mint toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na lina viraka hadi 2029. Kwa GB 4 chukua ile nyepesi ya Xfce. Faili lake ni karibu GB 3, unaliweka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Ikikataa printa yako, unazima, unatoa flashi, hujapoteza kitu.

Na msidhani haya ni mageni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, menyu zote. Wakati uleule Ubuntu walikuwa wanatuma sidii za bure kwa posta dunia nzima. Unajaza fomu, unasubiri, bahasha inafika sanduku la posta. Wengi tulioanza zamani tulianzia hapo, hatukuwa na bando la kupakua hata robo ya sidii.

#18 Baba_Toner

Nilikuwa nahesabu ni komenti ya ngapi pengwini atatokea.

#19 Mpiga_Kadi

Pengwini nakuheshimu, lakini mwenzetu ana kazi ya kadi za michango. Kadi zote za mtaa huu ziko Publisher. Picha za paspoti Photoshop. Hivyo viwili havipo Linux. Mteja kaleta kadi ya mwaka jana anataka abadilishiwe jina la bwana harusi na tarehe, utamwambia asubiri ujifunze programu nyingine?

#20 Chipu_Kali

Mpiga Kadi, Publisher yenyewe inaondoka. Microsoft walishatangaza itafikia mwisho Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza hata kufungua mafaili yake ndani ya Publisher. Wenye Office ya kununua mara moja itaendelea kufunguka, ila bila viraka. Anza sasa kuzigeuza kadi zako kuwa PDF na Word kabla hujashtukizwa. LibreOffice Draw, ya bure, inafungua mafaili ya pub ya Publisher, ingawa mpangilio unaweza kusogea.

#21 Mpiga_Kadi

Hii sikuijua. Nina mamia ya kadi huko ndani. Asante mkuu.

#22 Pengwini_wa_Ubungo

Picha za paspoti zinafanyika kwenye GIMP, au Photopea ambayo inafunguka ndani ya kivinjari na ina sura ileile ya Photoshop. CV za Calibri na Cambria: LibreOffice inaweka Carlito na Caladea, herufi zenye upana uleule, kwa hiyo mistari haihami. Majedwali mazito ndiyo yanayoweza kusogea. Printa: Epson nyingi za matangi zina draiva za Linux, HP zinakwenda kwa draiva ya HPLIP, baadhi zinadai uongeze kipande kimoja kutoka mtandaoni. Zinazosumbua ni zile leza ndogo za Canon za zamani zinazotumia CAPT. Kihonda ukiwa nayo hiyo, iache kwenye Windows.

#23 Saiba_Nakuru

Hamjambo majirani. Mimi nina saiba huku Nakuru. Linux nilijaribu, kila kitu kikaenda poa mpaka msimu wa ritani za kodi za KRA. Fomu ya mfumo wao wa iTax ni Excel yenye makro, LibreOffice ikakataa kuivalideti. Watu wamepiga foleni hadi nje, ikabidi nirudi Windows siku hiyohiyo. Kama kazi yako ni fomu za serikali, chunga sana.

#24 Pengwini_wa_Ubungo

Saiba, iTax wana fomu ya ODS pia, iko pale pale karibu na ile ya Excel. Hiyo ndiyo ya LibreOffice.

#25 Saiba_Nakuru

Naijua. Lakini mteja anakuja na Excel aliyojaziwa na mhasibu wake, sasa nianze kumhamishia laini moja moja? ODS ni sawa kama unaanza mwenyewe kutoka mwanzo.

#26 Mama_Fomu

Kwa Tanzania afadhali, HESLB na Ajira zote ni za kwenye kivinjari. Chrome ni Chrome, iwe Linux au Windows. Na kijana wa #1 aliyesema Linux haina virusi mrekebisheni, vipo, ni vichache tu kwa kompyuta za mezani.

#27 Mgosi_wa_Tanga

Niulize kitu, na hili nalisema kwa dhati. Mnajadili mashine, lakini nusu ya wateja wangu siku hizi wanakuja na kazi imeshakamilika kwenye simu. Wananitumia WhatsApp, mimi naprinti. Kuskani wanaskani wenyewe. Hizo mashine tatu baada ya miaka miwili ni za nini? Anunue printa nzuri na simu nzuri.

#28 Mwanachuo_Mzumbe

Kweli kabisa Mgosi. Mimi tasnifu yangu naiandika kwenye simu, nimeunganisha kibodi ya Bluetooth. Samsung zenye DeX ukizichomeka kwenye skrini zinakuwa na madirisha kama kompyuta, kitu hicho kipo tangu S8 ya 2017.

#29 Chipu_Kali

Mwanachuo, utaniambia ukifika kwenye yaliyomo na namba za kurasa zinazoanza Kirumi. Word ya simu itakupeleka kwa Kihonda tu.

#30 Mwanachuo_Mzumbe

Hapo nakubali, kurasa za Kirumi nilipelekwa.

#31 Hamburg_Mswahili

Na simu nazo zina tarehe zake, watu hawaziangalii. Galaxy A16 imeahidiwa miaka sita ya masasisho, S24 miaka saba. Simu nyingi za bei ya chini hazifiki huko. Mwanzo wa 2025 WhatsApp iliacha simu zenye Android ya chini ya 5. Unayekimbia Windows 10 kwa sababu ya viraka ukahamia simu ambayo haijapata kiraka tangu uitoe kwenye boksi, umehama nyumba inayovuja ukaingia isiyo na paa.

Na programu za kuskani mchague vizuri. Agosti 2019 CamScanner iliondolewa Play Store baada ya Kaspersky kukuta kipande kibaya ndani yake, ikarudishwa baadaye ikiwa imesafishwa. Google Drive ina skana yake, inatosha.

#32 Kihonda_Kwetu

Nimewasoma wote, shukrani. Uamuzi wa kwanza: SSD kwa hizi mbili, na ile kraki inatoka. Nitaweka Mint kwenye moja ya mezani kama #17 alivyosema, iwe ya flashi. Laptopu naiandikisha ESU. Hii ya mezani ya pili ndiyo sijaamua, kuna nyuzi kichwani mwangu zinavutana kati ya #4 na #15. Fundi wangu anasisitiza nitafute mashine yuzidi ya kizazi cha nane.

#33 Fundi_Soweto_Mbeya

Hapo fundi wako yuko sahihi kwa kiasi. Kama hela ipo, kizazi cha nane ndio mpaka, chini ya hapo usinunue kitu kipya leo. Ukienda Kariakoo usiridhike na stika ya "i5" juu ya kava. Angalia namba: ikianza na 8 kwenye tarakimu nne, mfano 8250U au 8500, ndiyo. 7200U ni ya saba, haipiti, hata muuzaji aape.

#34 Mtaalamu_wa_Sido

Mimi sikubaliani na kununua. Mashine ya pili aiache Windows 10, aitoe intaneti, iwe ya kuchapa na kuprinti tu.

#35 Mama_Fomu

Na kazi za WhatsApp ataziingiza vipi bila intaneti? Kwa flashi? Tumerudi kwenye flashi tena.

#36 Mtaalamu_wa_Sido

Kwa folda ya pamoja kutoka kwenye ile ya Mint. Waya mmoja wa mtandao kati yao.

#37 Chipu_Kali

Anaweza. Lakini ikiwa kwenye waya mmoja na mashine zilizo kwenye intaneti, haijakaa pembeni kama unavyodhani. WannaCry ilikuwa inaruka kwa njia hiyohiyo ya mafaili ya pamoja.

#38 Saiba_Nakuru

Kabla hamjapigana: Kihonda, unatumia bando au faiba? Kama ni bando, kwenye Wi-Fi ya Windows washa ile alama ya "metered", masasisho makubwa yanasubiri mpaka uyaruhusu. Halafu ingia Delivery Optimization, zima kupeleka kwa kompyuta za intaneti, acha za mtandao wa ndani. Windows moja ikishusha, nyingine inachukua kwake, hushushi kitu kilekile mara mbili. Upande wa Mint usiogope, inakuonyesha orodha kwanza, haishushi mpaka uikubali.

#39 Kihonda_Kwetu

Natumia bando. Nimeshaiwasha sasa hivi kwenye zote mbili za Windows. Hii pekee imelipa uzi mzima.

#40 Mpiga_Kadi

Wakuu samahani nawatoa nje kidogo. Nimefungua kadi moja ya pub kwenye LibreOffice Draw, maua ya pembeni yamekuja, maandishi ya "Familia ya" yamepanda juu ya picha. Kuna mtu anajua kama nikiitoa PDF nikiwa bado ndani ya Publisher, baadaye nitaweza kubadilisha majina?

#41 Pengwini_wa_Ubungo

PDF itakulindia mwonekano, kubadilisha majina ni shida. Toa PDF isiyo na majina, yaani futa jina, tarehe na namba ya simu ukiwa Publisher, hifadhi hiyo kama karatasi ya nyuma. Kisha kwenye Draw unaiweka picha ya chini na kuandika majina juu yake. Fanya kwa kadi zinazorudiwa sana kwanza. Weka hapa mfano wa hiyo moja, bila majina ya watu, nikuonyeshe.